Barafu ya Kaskazini, Tope la Ronge

Kaka yangu alisomea barafu. Simsingizii. Alizaliwa Ronge, kwenye vilima ambako baridi kali kupita zote tuijuayo ni ile ya Julai, inayomfanya mtu avae sweta mbili na kulisogelea jiko, kisha akaenda kukaa miaka mingi katika nchi ya kaskazini na kurudi akiwa daktari wa barafu. Watoto wa wenzetu waliopelekwa ng'ambo enzi zile walirudi wakiwa madaktari wa watu, au wahandisi, au hata mawakili wa kuja kutugombanisha kuhusu mashamba. Wetu alirudi akijua jinsi barafu ya zamani ilivyoyeyuka.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Voi, nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kiswahili ambaye wazazi wake walihamia pale kutoka Mombasa. Kwa watu wa Voi, barafu ni sharubati iliyogandishwa kwenye mfuko mdogo wa nailoni, na mama mwenye nyumba alikuwa akiwauzia watoto dirishani. Nilipomweleza kisomo cha kaka yangu aliacha kufunga mifuko yake akanitazama kwa huruma.

"Mashallah," akasema. "Na hiyo barafu yenyewe atakuja kuiuza hapa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilikuwa nimesema kweli tupu.

Kaka alikuja mwezi wa Agosti, nami nikiwa nyumbani Ronge kwa likizo, mwaka ule wa ukame uliotangulia mvua ya El Niño. Vuli ilikuwa imetupita na masika yalikuwa manyunyu. Kule Sagalla watu walikuwa wakishuka mlima na mitungi mitupu na kupanda nayo ikiwa nusu. Mahindi ya nyikani yalikauka yakiwa hayajafika magotini. Sisi wa Ronge tulikuwa na nafuu kwa sababu ya kinamasi chetu, kipande cha bonde chini ya nyumba ambacho hakikuwahi kukauka, ambamo mama alilima nduma, miwa na mboga. Baba alikuwa amefariki zamani. Kinamasi kile ndicho kilichotulea, mimi na huyo daktari.

Alifika na mzungu mmoja mrefu aliyeungua pua, na gari lililojaa mabomba ya chuma. Mama alimchinjia kuku, akamkumbatia, akalia kidogo. Kisha, baada ya kula, akauliza swali ambalo nadhani alilihifadhi miaka yote.

"Mwanangu, hebu nieleze kwa Kiswahili cha kawaida. Ulisomea nini?"

Kaka akasogeza sahani, akaweka mkono mmoja upande huu wa meza na mwingine upande ule.

"Huku ni kaskazini, mama. Huku ni kusini, nasi tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta. Baharini kuna mkondo mkubwa wa maji ya vuguvugu unaotoka huku kwetu, unapanda hadi kule. Ndio unaowapa wale watu joto. Sasa, zamani sana, barafu yao iliyeyuka ghafla, maji yake yakamwagika baharini, ule mkondo ukalegea. Kaskazini kukaingia baridi upya. Joto likabaki huku kusini, halina wa kulichukua. Na mvua hufuata joto. Ukanda wa mvua ukasukumwa chini, ukaturuka sisi."

"Wao waliyeyusha barafu yao, sisi tukakosa mvua," mama akasema.

"Haikuyeyushwa na mtu, mama. Iliyeyuka yenyewe."

"Hawakosi kisingizio."

Mzungu aliuliza mama amesema nini. Kaka akamwambia amesema chakula kitamu.

Ndipo ikajulikana walichokuja kufanya. Kinamasi chetu, kwa kuwa hakikauki, kilikuwa kimekusanya tope tangu zamani za kale, mwaka juu ya mwaka, majani na vumbi na mbegu. Wakizamisha yale mabomba hadi chini kabisa wangeweza kulisoma tope lile na kujua siku barafu ya kaskazini ilipoharibika, huku kwetu kulitokea nini, na kwa haraka gani. Neno hilo, haraka, alilitaja mara nyingi. Inaonekana huko kwao walikuwa wanabishana.

"Na nduma zangu?" mama akauliza.

"Tutapita katikati yake tu, mama."

"Mtapita katikati yake kwa miguu hiyo?" Aliitazama miguu ya mzungu, iliyokuwa kama mitumbwi. "Hapana. Tafuteni tope la mtu mwingine."

Ningemheshimu kaka kama angebishana naye. Hakubishana. Aliinamisha kichwa kama mwana mwema, na kesho yake akaenda kwa baba mdogo.

Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, aliishi ng'ambo ya bonde. Alikuwa mtu wa kutafuta utajiri kwa njia yoyote isiyohitaji jembe. Alikuwa amepanda mikaratusi mteremko mzima juu ya kinamasi, akingoja iwe nguzo za kuuza, na tangu watu wa nyikani walipoanza kuokota mawe ya thamani, hakuweza tena kuangalia udongo bila kuinama na kuugeuza kwa kidole. Alipoambiwa kwamba mzungu amevuka bahari kuja kuzamisha mabomba ya chuma kwenye kinamasi cha ukoo, hakuuliza habari za barafu. Alitoa ruhusa hapo hapo, kwa niaba ya marehemu, na akataka kujua mabomba yanafika chini kiasi gani.

Walichimba Jumapili, mama akiwa kanisani. Mimi nilibaki nyumbani kuwapikia, kwa hiyo niliona kila kitu. Walitandaza mbao juu ya nduma, wakaweka mashine ya miguu mitatu, wakaanza kulisukuma bomba chini kwa mikono, wakilivuta, wakilisukuma tena. Kila lilipotoka walitoa ndani yake kipande kirefu cha tope jeusi, wakakilaza kwenye nusu ya bomba la plastiki na kukifunga kwa nailoni, polepole, kama wakunga. Kaka hakuwa amenishika mkono tangu alipofika, lakini tope lile alilipapasa.

Baba mdogo alikaa ukingoni amevaa koti lake la mazishi. Kila kipande kilipotoka aliinuka, akatazama, akakaa.

Adhuhuri bomba lilikwama. Wakalisukuma watu watatu, baba mdogo akiwa wa tatu, maana sasa aliamini kimefikiwa kile kitu. Lilipotoka, mwishoni mwa tope jeusi palikuwa na tabaka jingine: la kijivu, gumu, lenye mchanga, limepasuka kama udongo wa nyikani. Kati ya jeusi na kijivu hapakuwa na mpito wowote. Ilikuwa kama mtu amekata kwa kisu.

Kaka alipiga kelele. Alimkumbatia mzungu, mzungu akamkumbatia, wakarukaruka juu ya mbao hadi mbao zikazama na nduma nazo.

"Ni mawe?" baba mdogo akauliza, akiingia majini na viatu. "Ni ya rangi gani?"

"Ni vumbi, baba mdogo!" kaka akajibu, machozi yakimtoka. "Vumbi tupu! Hiki kinamasi kilikauka! Chini ya hapo kuna tope tena, utaona. Kilikuwa na maji, kikakauka kabisa, kikarudi!"

Sijawahi kumwona mtu amedhulumiwa kama baba mdogo alivyojiona wakati ule. Alitoka majini, akavua kiatu, akamwaga maji, akaenda zake bila kuaga.

Mama alirudi kutoka kanisani bado amejifunga kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama. Alisimama ukingoni akatazama mbao, matope, majani yaliyolala. Nilijua hasira yake, nikajiandaa. Lakini kaka alikuwa hajiwezi kwa furaha, akamshika mkono na kumvuta hadi kwenye lile bomba, akamwonyesha upande wa chini wa lile vumbi, ambako tope la zamani zaidi lilikuwa limeshatokea, napo pamekatwa kama kwa kisu.

"Tazama, mama. Hapa kuna maji. Hapa hakuna. Barafu iliharibika kule, na hapa, kwetu, mvua ikaondoka. Na haikuondoka kidogo kidogo. Ukitazama vile tabaka linavyobadilika, huenda ni muda wa maisha ya mtu mmoja. Mtoto alizaliwa hapa pana kinamasi, akazeeka pana vumbi."

Hasira ikamwisha mama usoni. Aliinama, akaligusa lile vumbi kwa ncha ya kidole, akakinusa.

"Hapa?" akauliza. "Kinamasi hiki hiki?"

"Hiki hiki."

"Na watu walikwenda wapi?"

Kaka akamtazama mzungu, kana kwamba yeye angejua watu wa Ronge walikwenda wapi.

"Hilo silo somo langu, mama," akasema hatimaye.

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikwenda ndani, akabadilisha nguo, akarudi na jembe kuokoa nduma zilizosalia. Hakumlaumu kaka kwa neno hata moja, jambo ambalo kaka alilichukua kuwa msamaha. Mimi nilimjua zaidi. Mama alikuwa anafikiri.

Habari ya mawe ilikwisha kuenea hadi Mwatate. Walikuja watu wenye sururu. Naibu wa chifu akaona aitishe baraza, ili, kama alivyosema, mtaalamu wetu aondoe utata. Basi tukakusanyika kwenye uwanja wa shule, na kaka yangu akasimama mbele ya wazee na kina mama ambao mahindi yao yamekauka, akawaeleza habari za barafu. Nusu alisema kwa Kiingereza. Nilipewa kazi ya kutafsiri, na nilitafsiri kwa uaminifu, ingawa mara mbili niliona haya kwa niaba ya ukoo.

Alipomaliza, mzee mmoja akauliza hayo mawe yako upande gani wa kinamasi.

Mwingine akauliza kama watu wa kaskazini hawawezi kuambiwa wawe waangalifu.

Naibu wa chifu, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, akauliza swali la serikali: "Kwa kuwa imethibitika ukame wetu unatoka kwao, je, watatuletea mradi?"

Watu wakapiga makofi. Kaka akaeleza kwamba yeye anazungumzia ukame wa kale, siyo huu. Makofi yakakoma. Mtu ukimwambia shida yake haina uhusiano na utafiti wako, ana haki ya kukutazama hivyo.

Ndipo mama akasimama. Hakuwa msemaji wa mabaraza. Aliongea akiwa ameshika leso yake kwa mikono miwili.

"Mimi nimesikia jambo moja tu," akasema. "Kinamasi chetu kinaweza kukauka. Mimi nilidhani hakiwezi. Nyinyi nyote mlidhani hakiwezi. Sasa huyu mwanangu amekwenda mbali akarudi kutuambia kilikauka, tena upesi. Barafu ya hao watu siwezi kuizuia, iko mbali. Lakini mikaratusi ya shemeji naiona kutoka mlangoni kwangu, na kila mwaka ikirefuka maji yanashuka. Naomba ile iliyo karibu na maji ikatwe."

Baba mdogo aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Akasema mwanamke huyu ana wivu, mti ni mvua, serikali yenyewe ilitugawia miche. Watu wakaanza kupigizana kelele. Naibu wa chifu akainua mkono.

"Daktari yuko hapa," akasema. "Tumwulize. Daktari, mikaratusi inakunywa maji ya kinamasi, ndiyo au siyo?"

Wote wakamgeukia kaka. Mama pia alimgeukia, akatabasamu kidogo, kama mzazi anayesubiri mtoto asome shairi alilomfundisha.

Kaka akakohoa. Akamtazama baba mdogo, aliyempa ruhusa, na ambaye ruhusa yake angeihitaji tena mwaka ujao.

"Actually," akasema, "hilo linahitaji utafiti."

Baraza zima likacheka. Baba mdogo alicheka kuliko wote. Mama alikaa chini, akajifunga leso upya. Nimeona watu wakipigwa, nimeona watu wakifukuzwa kazi, lakini sijaona aibu iliyonichoma kama ile ya kumwona mama akikaa chini taratibu mbele ya mwana aliyejua mikondo ya bahari zote za dunia na asiyeweza kusema mti wa jirani unakunywa maji.

Hata hivyo mikaratusi ilikatwa, zile safu mbili za ukingoni. Msidhani ni haki iliyoshinda. Naibu wa chifu alikuwa anajenga, na nguzo alizihitaji. Aliamua kwa sauti nzito kwamba kwa ajili ya mazingira miti ile iondoke, na mingi kati yake ikaondoka kuelekea kwake. Kaka naye aliondoka juma lile, tope letu likiwa limefungwa kwenye magodoro nyuma ya gari ili lisitikisike. Mama alimfungia nduma za kula njiani. Mimi sikumfungia kitu.

Mwaka uliofuata redio ikaanza kusema kwamba bahari ya upande mwingine wa dunia imepata joto, na kwa hiyo sisi tutanyeshewa. Watu wa Voi walicheka. Walisema ndio wale wale wa barafu, sasa wamehamia kwenye joto. Nami nilicheka, nikiwa kwenye foleni ya maji.

Mvua ilipokuja haikuwa na adabu. Ilianza Oktoba na Krismasi ilikuwa bado inapiga. Mto Voi, ambao watoto wangu wa darasa la tatu waliujua kama uwanja wa mpira, uliingia majumbani. Barabara kuu ilikatika, malori yakalala njiani hadi madereva wakageuka wakwe za watu. Kwa majuma mengi sikuweza kupanda Ronge. Nilipofika hatimaye, nikitembea sehemu kubwa ya njia, sikukitambua kinamasi. Mteremko wa baba mdogo ulikuwa umemomonyoka. Yeye kwa hasira alikuwa ameng'oa hata visiki vya safu zile ili asimwachie naibu kuni. Udongo mwekundu ulikuwa umeshuka wote ukafunika bonde. Hapakuwa na nduma, wala miwa, wala ukingo.

Baba mdogo alikuwa amesimama kwake ng'ambo, mwavuli mkononi, mteremko wake uko chini kwetu, na bado alipata nguvu ya kupaza sauti.

"Shemeji! Mwambie daktari vumbi limepata maji!"

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage yaliyoota ukungu.

Mwezi wa Januari kaka alipiga simu kwenye duka lililo karibu na nyumba niliyopanga, nikaitwa mbio. Alikuwa amesikia habari zetu kwenye taarifa za huko. Sauti yake ilikuwa na haraka. Aliuliza kama tuko salama, nikasema tuko salama.

"Na kinamasi? Ni kweli kimefunikwa?"

"Chote."

"Lina unene gani hilo tabaka? Unaweza kwenda kunipimia? Ni muhimu sana, kwa sababu ukijua tukio lenyewe, unaweza kulinganisha na..."

"Nduma za mama ziko chini yake," nikasema.

Nilisikia upepo wa bahari zote alizozisomea ukipita kwenye waya. Mwenye duka alijifanya anapanga sabuni.

"Mama anakula nini?" akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, ya mvulana niliyekua naye.

"Ulikuwa hujauliza," nikasema, nikaweka simu chini.

Mvua hiyo ilipokwisha ilikwisha kama mfereji uliofungwa. Vuli ya mwaka huo haikuja kabisa. Desemba tukiwa tunatazama mawingu matupu, kaka alishuka basi Mwatate na begi moja, hakuna mzungu, hakuna mabomba. Mama hakumchinjia kuku. Hapakuwa na kuku. Alimwonyesha udongo mwekundu bondeni na kumwambia kwamba maji bado yako chini ya udongo upande wa juu wa bonde, yanalowesha, ila hayana njia, na kwamba wao wawili, mama na mwana, watachimba mifereji ya kuyaleta kwenye vitalu vya mboga.

Nilikuwa likizo, kwa hiyo niliona na hilo pia. Daktari wa barafu alipiga jembe kama mtu anayeua nyoka. Kila baada ya muda alisimama, akajifuta jasho, na kisomo kikamrudia.

"Unajua, mama, ile bahari sasa imepoa. Ndiyo maana mvua..."

"Chimba," mama akasema.

Akachimba. Malengelenge yalimtoka viganjani, yakapasuka, akafunga kitambaa, akaendelea. Jioni moja baba mdogo alipita juu akasimama kutazama, akitarajia sijui nini, na kaka akamwambia waziwazi, bila kuulizwa, kwamba mikaratusi iliyobaki inakunywa maji na kwamba alipaswa kusema hivyo siku ile. Baba mdogo akasema hilo linahitaji utafiti, akapita. Mama aliendelea kuvuta udongo kwa jembe lake. Sikumwona akitabasamu, na nilikuwa namtazama.

Alikaa hadi baada ya mwaka mpya, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mifereji yake ilikuwa imepinda, mmoja ulipandisha maji mlima. Mama alingoja gari lililomchukua lipotee kwenye kona, akaingia ndani kuchukua jembe, akaanza kuichimba upya.